Soma Kabla Hujabonyeza

Neno lake lilikuwa moja: "Soma." Seva ikishazimwa na kuwashwa tena, feni zikaanza kunguruma na kile kioo cheusi kikatoa maandishi meupe, yeye alisimama kando, mikono nyuma ya mgongo, akasema, "Soma." Na wewe, hata uwe na digrii mbili, ulisoma kwa sauti. Mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Ukiruka neno alikohoa. Ukisoma mbiombio alikurudisha mwanzo. Ukimaliza ndipo alipouliza, "Tunataka upi?" Ukamjibu, naye akasema, "Haya, bonyeza."

Tulimwita Fundi Mkuu. Alikuwa mkuu wa chumba cha seva katika kampuni ndogo pale Silicon Oasis, Dubai, kampuni inayotunza kompyuta za watu wengine: mashule, zahanati, maduka. Habari za ukoo wake sizijui, na hilo ni ajabu kwa mtu kama mimi, maana mimi huuliza hata bei ya kitu nisichokusudia kununua. Nilijua tu kwamba ni Mzanzibari, kwamba anakaa Al Baraha kwenye jengo la zamani lenye lifti inayokwama, na kwamba hina ya ndevu zake huipaka mwenyewe, tena vibaya.

Kwa asiyejua, seva ni kompyuta isiyo na kiti mbele yake. Inakaa kabatini na wenzake, inafanya kazi mchana na usiku, na watu wanaoitegemea hawajui hata iko mtaa gani. Ukiiwasha, kabla haijaamka sawasawa, hukuonyesha orodha fupi na kukuuliza: nianze na mfumo upi? Huu mpya, au ule wa zamani uliokuwa ukifanya kazi jana, au huu wa dharura wa kunitibu nikiwa mgonjwa? Inakupa sekunde chache za kuchagua. Ukinyamaza, inaanza na wa juu. Hapo mahali padogo, hapo penye sekunde chache, ndipo Fundi Mkuu alipojenga maisha yake yote ya kazi.

Na niseme jambo moja mapema, usije ukadhani nakuficha ili nikushtue mbele ya safari. Mtu huyu alikuwa akipofuka. Jicho la kushoto lilikuwa limekwenda zamani, kabla hatujajuana. La kulia lilikuwa na mtoto wa jicho, ukungu uliozidi mwaka hadi mwaka, na alikuwa akilificha kwa Sir, meneja wetu, kwa wenzake na kwa ofisi nzima. Dubai unakaa kwa viza, na viza unaipata kwa kazi. Fundi asiyeona kioo hana kazi. Jicho lile moja ndilo lililomweka mjini, na dawa yake, operesheni ndogo, ilikuwepo, inajulikana, hata zahanati tulizozitunzia seva zilikuwa zikiifanya. Yeye alikataa katakata. Swali lililonikaa kichwani tangu nilipojua ni hilo: kwa nini?

Maana, aki, ungemjua ungeshangaa kama mimi. Hakuna mtu aliyependa kuzima na kuwasha vitu kama yeye. Mafundi wengine husifu mashine isiyozimwa. Tulikuwa na mwenzetu wa Kampala, injinia hodari wa kazi na wa maneno, aliyekuwa na seva yake moja ya duka la vipuri. Alipita akiitaja kama mtoto aliyefaulu mtihani. "Hii haijazimwa tangu niliifunga, ssebo. Haijazimwa hata siku moja!"

Fundi Mkuu alimtazama, au tuseme aligeuza uso upande ilikotoka sauti. "Sasa utajuaje kama itawaka?"

"Kwa nini isiwake? Si inafanya kazi?"

"Kufanya kazi ni jambo moja. Kuwaka ni jambo jingine. Hiyo yako mie naiona imekesha tu, hakuna aliyewahi kuiona ikiamka."

Kwa hiyo kila seva iliyokuwa chini yake ilikuwa na zamu ya kuzimwa makusudi. Aliwaandikia wenyewe mapema, akaomba ruhusa, akachagua siku ya kazi, asubuhi, watu wote wakiwa ofisini. Sir hakuupenda mpango huo. Kwake mambo ya kuzima yafanywe wateja wamelala. Nakumbuka walivyobishana mlangoni, Sir kwa Kiingereza, Fundi Mkuu kwa Kiingereza chake chenye Kiarabu ndani. Alipomaliza akanigeukia akanieleza kwa Kiswahili, kama kwamba mimi ndiye niliyepaswa kuridhika: "Ikikataa kuwaka, nataka ikatae sote tuko hapa na chai ipo."

Chai yenyewe ilikuwa balaa. Aliitengeneza mwenyewe, iliki nyingi mpaka koo linawasha, akaimimina kwenye vikombe vya karatasi na kutugawia kabla ya kila uzimaji. Huwezi kuzima seva kabla hujanywa. Mkenya wa bara kama mimi, niliyezoea chai ya maziwa mengi, nilikunywa huku nimekunja uso. "Chai yenu ile ni uji," aliniambia. "Wewe binti wa bara hujawahi kuonja chai."

"Na hii yako ni dawa ya mafua, Fundi."

"Ndiyo maana humu ndani hamna mafua."

Kulikuwa na baridi humo, baridi ya viyoyozi isiyo na huruma. Nje jua linachoma lami, ndani yeye amevaa sweta la sufu na kofia yake ya kushonwa kwa mkono, mimi nina koti. Wageni walitucheka. Alisema Dubai imempa mambo mawili ambayo kwao asingeyapata, baridi na haraka, na kwamba baridi ameshaizoea.

Haraka hakuizoea. Zile sekunde za kuchagua, mafundi wengi huzifupisha, wengine huziondoa kabisa ili mashine iamke upesi. Yeye alizirefusha. Kwenye seva zake orodha ilikaa pale kiooni mpaka unajisikia kuchoka. Mwenzetu wa Kampala aliwahi kuzipunguza kwenye mashine moja bila kumwambia, na siku ya zamu yake orodha ikapita kabla sijamaliza mstari wa kwanza. Loo! Sijawahi kumwona amekasirika namna ile. Alivua kofia akaipiga pajani. "Ala! Mtu anakuuliza swali halafu anakuziba mdomo! Rudisha!" Zikarudishwa siku ileile.

Na mfumo wa zamani hakuufuta. Ukija mpya, ulikaa juu, na wa jana ukashuka mstari wa pili, ukabaki hapo. Diski ikilalamika kwamba imejaa, alifuta kila kitu kingine kwanza. Mpangilio ulikuwa mmoja kwenye mashine zote alizozigusa: mpya juu, wa jana chini yake, wa dharura mwisho. Aliniambia, "Usimwashe mtu upya kama huna pa kumrudisha." Ndivyo alivyosema, "mtu". Kisha akajirekebisha, akasema mashine. Nilidhani ni ulimi tu umeteleza.

Bado sijaeleza nilivyoingia chumba kile, na ni jambo lililonitatiza muda mrefu. Mimi nilikuwa mapokezi. Kazi yangu ilikuwa kuandika wageni, kuwapa vitambulisho vya shingoni na kutabasamu. Kila mgeni alipofika, nilipiga simu ndani na kusoma jina kwenye kitambulisho chake. Siku moja Fundi Mkuu akatoka, akasimama karibu na meza yangu, akasikiliza. Alikuwa amekuja mgeni mwenye jina refu la Kihindi la Kusini, lile ambalo wenzangu wangelikata wakasema "Mister Kumar" na kumalizana nalo. Mimi nililisoma lote, herufi kwa herufi. Wiki iliyofuata nikaambiwa nimehamishiwa chumba cha seva.

"Kwa nini mimi?" nilimuuliza. "Sijasomea kompyuta."

"Utasomea."

Nilisomea kweli, kozi ya jioni, kisha mitihani. Lakini mbona yeye alinitaka kabla sijasoma? Nilimrudia na swali hilo mara nyingi, akawa ananizungusha. Siku aliyonijibu tulikuwa tunakula mkate wa kumimina aliouleta kutoka Al Baraha, amefurahi kidogo. "Watu wengi husoma wanachotarajia," alisema. "Wewe unasoma kilichoandikwa."

Nilivimba kichwa kwa sifa ile. Nilipiga simu nyumbani Nyahururu nikamwambia mama. Sikujua bado kwamba alikuwa amenichagua kwa sababu alihitaji macho ya mtu, na kwamba aliyasikiliza kwanza kabla ya kuyachukua. Nilipojua sikuchukia. Sifa ilikuwa ya kweli, na haja yake ilikuwa ya kweli. Vyote viwili vilikuwemo katika maneno yale.

Nilijua kwa sababu ya koo. Baridi ya chumba ilinishika wiki moja, sauti ikakauka kabisa, hata kusema "shikamoo" siwezi. Tukawasha seva ya zahanati moja. Orodha ikatokea. "Soma," akasema. Nikaonyesha koo langu. "Soma." Nikaonyesha kioo kwa kidole, mstari wa juu, nikatikisa kichwa kwamba ndiyo huo, uko sawa. Alikuwa karibu nami kiasi kwamba nilisikia iliki kwenye pumzi yake. Akasema kwa ukali, "Mwanangu, mbona hunijibu? Kuna nini hapo?"

Nilimtazama usoni. Jicho la kulia lilikuwa wazi, limeelekezwa kwenye kioo, na katikati yake palikuwa na weupe kama wa maziwa yaliyochanganywa na maji. Kidole changu hakukiona. Kioo chenyewe alikiona mwanga tu.

Nikamshika mkono, nikauweka kwenye kibodi, juu ya kitufe cha kuingiza. Akaelewa. Hakubonyeza mpaka orodha ikamaliza sekunde zake zote na mashine ikaanza yenyewe. Halafu akasema taratibu, "Basi umejua."

Mambo mengine yakajipanga yenyewe. Gari lake aliloliuza akisema amechoka kutafuta parking. Ujumbe wa simu aliosikiliza kwa sauti, hakuandika. Ule mpangilio mmoja wa orodha kwenye mashine zote. Ilikuwa busara ya kazi, ndiyo, lakini pia ilimwezesha mtu kuhesabu kwa kidole: juu ni mpya, ukishuka mara moja ni wa jana. Na yale mazoea ya kusomeana yaliyotuletea sifa kwa wateja, nayo yalikuwa na mzizi huo. Nilijiuliza kipi kilitangulia, uangalifu au ukungu. Mpaka leo nadhani uangalifu ulitangulia, lakini siwezi kuapa.

Sikumwambia mtu. Nikawa macho yake, na sikuiona kama mzigo. Ila udadisi haukuniachia. "Si operesheni ndogo?" nilimwambia. "Watu wanaingia asubuhi, mchana wako kwao. Bima ya kampuni inalipa."

"Najua."

"Sasa?"

Hapo ndipo aliponiambia habari ya jicho la kushoto. Alikuwa bado kijana, mahali ambapo hakupataja. Lilikuwa na ugonjwa wake, madaktari wakataka kulipasua, wakamwambia atalala haoni vizuri na ataamka anaona. "Nikaamka," alisema, "sioni kabisa. Lile la kushoto lilizimwa halikuwaka." Akacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Hili lililobaki ni moja. Wewe fundi sasa, nambie: mashine ina mfumo mmoja, hakuna wa jana, hakuna wa dharura, hakuna bakapu. Utaizima?"

Kwa kanuni alizonifundisha mwenyewe, jibu lilikuwa hapana. Nilirudi chumbani kwangu jioni ile, kwenye fleti tunayokaa wasichana wengi wa kazi, nikalala nikigeuza maneno hayo. Nilimwonea huruma na nilimkasirikia, vyote pamoja. Mtu aliyewalazimisha wengine kuzima ili wajue kama wataamka, yeye mwenyewe alikuwa anakesha kama ile seva ya duka la vipuri.

Mwaka ule nilipewa likizo nikaenda Kenya. Kabla sijaondoka tulikubaliana asizime chochote mpaka nirudi. Lakini shule moja ya kulipia huko Mirdif ilikuwa na zamu yake, barua ilishaandikwa, ruhusa ilishatolewa, na yeye hakuwa mtu wa kuahirisha aliloahidi. Akanywa chai yake, akazima. Aliyekuwa naye alikuwa mwenzetu wa Kampala, na mwenzetu alikuwa ametoka nje kupokea simu. Orodha ikatokea. Hapakuwa na wa kuisoma.

Siku iliyotangulia injinia yule alikuwa amechomeka flashi nyuma ya seva ile ili akague diski, akasahau kuichomoa. Ilikuwa flashi ya kuwekea mfumo upya. Mashine ilipoiona, ikaipandisha juu ya orodha. Mstari wa kwanza haukuwa tena mfumo wa shule. Ulikuwa unasema: weka mfumo mpya. Fundi Mkuu akabonyeza wa juu, kama siku zote. Mashine ikauliza kwa maandishi kwamba diski itafutwa, je, iendelee? Seva ile kwa kawaida huuliza maswali mawili, na jibu la yote mawili huwa kitufe kilekile. Akabonyeza tena.

Mwenzetu alinisimulia kwa simu nikiwa shambani kwa mama. "Banange, nilirudi nikaona kioo kinaandika vitu sivijui. Nikamwambia, Mzee, umefanya nini? Akaniambia, soma! Nikasoma. Akakaa chini."

Bakapu, nakala ya akiba ya kila kitu, ilikuwepo, kwa kuwa yeye hakuwahi kukubali seva isiyo na bakapu, na kufikia jioni kila kitu kilirudi. Lakini shule hufunga mchana. Kwenye seva ile ndimo mlimokuwa na majina ya madereva na wafanyakazi wa nyumbani wanaoruhusiwa kumchukua kila mtoto. Walinzi wa getini, Wakenya wenzangu, hawakuwa na namna ya kumtambua dereva wa nani ni yupi, na amri ni amri: bila jina, mtoto hatoki. Madereva wakarudishwa. Wadada wa kazi wakarudishwa. Ikabidi kila madam, yaani mama wa mtoto, aje mwenyewe na gari lake, na mtaa ukajaa magari mpaka kwenye mzunguko. Mlinzi mmoja ninayemjua aliniambia hajawahi kuona madam wengi namna ile mahali pamoja, tena wote wamekasirika.

Sir akamwita. "Did you read the screen?" akamuuliza. Na Fundi Mkuu, mtu wa "soma", akajibu kwamba ndiyo, alisoma.

Uongo ule ulimtesa kuliko kosa lenyewe. Niliporudi nilimkuta amekonda. Hakutengeneza chai. Na mambo yalikuwa yameharibika zaidi, kwa sababu kama yeye alisoma, basi lawama yote ilikuwa ya flashi, na mwenye flashi alikuwa ameshaambiwa aanze kujitayarisha kuondoka. Mganda yule alikuwa na mke na mtoto hapahapa Dubai. Alipita kwenye korido bila kuitaja tena seva yake isiyozimwa.

Nilikuwa nimejiandaa kumsema Fundi Mkuu, nimepanga na maneno. Haikufika huko. Asubuhi ileile niliyorudi kazini aliniambia, "Nisindikize." Tukaenda mpaka mlangoni kwa Sir. Akaniachia hapo, akaingia peke yake akipapasa ukingo wa mlango, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele ya watu. Nilimsikia akisema kwa Kiingereza chake: "Sir, I not read. I cannot read. Long time. The boy is not wrong, inshallah you keep him."

Sir hakupiga kelele. Alimbakiza injinia. Kwa Fundi Mkuu alisema viza yake ikiisha haitafanywa upya, na mpaka hapo asiguse mashine. Khalas, imekwisha. Ilikuwa haki, nadhani, ingawa nililia msalani.

Sasa alikuwa amepoteza kazi iliyomfanya alifiche jicho, na jicho lenyewe lilikuwa bado linakwenda. Bima ingeisha pamoja na viza. Nikamfuata Al Baraha siku ya Ijumaa baada ya sala, tukakaa kwenye mkahawa ulio chini ya jengo lake, tukaagiza karaki, ile chai ya maziwa ya huku. Akaionja akasema ni sukari tupu.

"Fundi," nilianza, "unarudi Unguja na giza?"

"Si giza. Naona mwanga."

"Mimi hapa unanionaje?"

"Nakusikia vizuri."

"Sikuuliza hivyo."

Akakunja uso. "Binti, nimekwisha kukwambia. Jicho ni moja. Sina pa kurudi likikataa."

Na hapo jibu ambalo sikuwa nalo mwaka mzima likanijia, tena kwa lugha yake mwenyewe. "Pa kurudi wapi? Ule mfumo unaoulinda ulishajifuta, Fundi. Umebaki na jina tu kwenye orodha. Ungekuwa unafanya kazi, usingebonyeza flashi. Unaogopa kuzima kitu ambacho kimeshazimika, wewe unakikalia tu."

Nilidhani atanifukuza. Wateja wawili wa meza ya pili waligeuka, maana nilikuwa nimepaza sauti bila kujua. Alizungusha kikombe cha karatasi mezani, akakizungusha tena. Mimi nikaona haya kumtazama.

"Umesoma kilichoandikwa," alisema mwisho. Kisha, "Weka miadi. Asubuhi. Nataka iwe asubuhi."

Nikamwambia asubuhi, na chai nitabeba mimi. Nilibeba kweli, kwenye chupa, na iliki nilitia mpaka nikapiga chafya jikoni. Alikunywa kabla ya kuingia hospitali, ndani ya teksi, akasema nimeanza kujifunza. Walipomwita jina alinishika mkono, akaniuliza kwa sauti ya chini kama kuna orodha yoyote ukutani. Nikamwambia hamna, Fundi, hapa ni mlango mmoja tu. Akasema bismillahi akaingia. Alitoka amefungwa jicho, na kesho yake waliolifungua walikuwa manesi, mimi nilikuwa kazini. Nilimpigia simu. Akasema tu, "Alhamdulillah, subiri kidogo, wanasema ukungu huondoka taratibu." Sauti haikunipa jibu, na mimi, bingwa wa kuuliza, nikaogopa kuuliza zaidi.

Nilimwona tena siku aliyokuja kurudisha kadi yake ya mlango. Tiketi ya Unguja ilikuwa mfukoni. Amevaa kanzu nyeupe na miwani ya jua kubwa ya wagonjwa wa macho, hina ameipaka upya na safari hii imekaa sawa. Akawaaga watu wa mapokezi, akaagana na Sir, akamkumbatia mwenzetu wa Kampala, ambaye alirudia tu "Mzee, Mzee." Kisha akaja chumba cha seva. Ilikuwa zamu ya ile ya duka la vipuri. Mganda mwenyewe alikuwa ameomba izimwe.

Nikazima. Nikawasha. Feni zikanguruma, kioo kikawa cheusi, kisha maandishi meupe. Nilikaa tayari kwa neno lake. Halikuja. Alivua miwani, akasogea, akainama, na akaanza kusoma yeye.

Alisoma mstari wa kwanza. Akasoma wa pili. Akasoma wa dharura. Akashuka chini kabisa, kwenye yale maandishi madogo ambayo hakuna fundi duniani huyasoma, yanayosema tumia mishale kuchagua, bonyeza kuanzisha, mstari uliowekewa alama utaanza wenyewe baada ya sekunde kadhaa. Alizisoma na sekunde zenyewe zikipungua, moja moja, kwa Kiingereza kibovu na sauti ya mtu anayesoma barua ya harusi. Zikaisha. Hakuna aliyebonyeza. Mashine ikachagua wa juu ikaondoka zake, ikawaka bila tatizo, na sisi tulikuwa hatuna habari nayo.

Mimi nilikuwa nacheka na machozi yananitoka. Akanigeukia na jicho lile, jeusi, safi, akanitazama muda mrefu mpaka nikababaika.

"Kumbe una mwanya!" alisema.

Nikafunga mdomo kwa aibu, mkono juu ya meno.

"Usifunge," alisema. "Miaka yote hii, ndiyo kwanza nauona."